Mtoto yuko kwenye foleni ya CAMHS, sisi tunafanya nini?

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wakubwa wangu wote shikamooni. Asanteni sana kwa kuja, maana najua Jumamosi hapa Reading, England, wengi ndo mnatoka shifti ya usiku, na kuna waliotoka Slough na Oxford na watoto wamewabeba, Mungu awabariki. Nimeombwa niongee kuhusu watoto wetu wanaosubiri CAMHS, yaani huduma ya afya ya akili ya watoto na vijana ya NHS, huduma ya afya ya serikali, wanaosubiri kuchunguzwa usonji (autism), kuchunguzwa ADHD, ile shida ya kutotulia na kushindwa kuwa makini, na wale wengine ambao hawana usonji wala ADHD ila wana huzuni, wana wasiwasi, hawalali, hawataki kwenda shule. Mimi si daktari. Mimi ni mkalimani, kazi yangu nakaa katikati ya mzazi na daktari, na kwa miaka mingi nimekaa kwenye vyumba vingi sana ambamo mzazi wetu anaambiwa subiri. Sitataja mtu hapa, wala hospitali wala shule, kazi yangu hairuhusu na isingekuwa haki. Lakini ninayoyaona yanajirudia, familia hii na ile na ile, kwa hiyo nayasema.

Neno langu leo ni moja na nalisema mapema, ili hata ukitoka kwenda kumbadilisha mtoto pampasi lisikupite. Kinachosubiriwa kwenye ile foleni ni uchunguzi na barua ya daktari. Msaada wa mtoto hausubiri barua. Sheria ya hapa haisemi mtoto asaidiwe akishapewa jina la tatizo lake, inasema asaidiwe kwa shida aliyonayo, shida inayoonekana leo darasani na nyumbani. Wazazi wetu wengi hawajui hilo, wanakaa miaka wakidhani hakuna kinachoweza kufanyika mpaka waitwe, na hakuna mtu anayewaambia vingine.

Sasa tuangalie foleni yenyewe, ujue hauko peke yako na hakuna aliyekuonea wewe kwa jina. Kamishna wa Watoto wa England, Dame Rachel de Souza, alitoa ripoti Oktoba 2024 kuhusu hizi huduma za usonji na ADHD na mengine ya jamii hiyo, akakuta watoto kama 400,000 walikuwa bado wanasubiri hata apointimenti ya kwanza. Na waliopitia huduma za afya za jamii mpaka wakapata majibu walikuwa wamekaa wastani wa miaka 2 na miezi 2 tangu rufaa iandikwe, yaani barua ya kumpeleka mtoto kwa wataalamu, na ukisikia wastani jua kuna waliokaa zaidi sana. Upande wa ADHD, makadirio ya NHS wenyewe ya mwezi Machi 2025 yalisema watu karibu 550,000 England wanasubiri, watoto na wakubwa pamoja, na zaidi ya 140,000 kati yao wamesubiri miaka 2 au zaidi. Haya, NICE, ndo wale wanaowaandikia madaktari wa NHS mwongozo wa kazi, wanasema uchunguzi wa usonji unatakiwa uanze ndani ya miezi 3 tangu rufaa ifike. Miezi 3! Mtoto anaingia foleni ana miaka mitatu na nusu bado yuko nasari, anaitwa yuko Year 1 anatakiwa kusoma na kuandika, na hiyo katikati ndo miaka ambayo lugha ya mtoto inakua haraka kuliko wakati wowote. Mimi hili linaniuma sana na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Kwa nini imefika hapa, sababu ni nyingi ila zinaeleweka. Wataalamu ni wachache, daktari wa watoto wa jamii, mwanasaikolojia, mtaalamu wa lugha na matamshi, hawa hawapatikani kwa mwaka mmoja wala miwili, na uchunguzi mmoja wa usonji si kipimo cha damu, ni saa kadhaa za kumwangalia mtoto, kuongea na mzazi, kusoma ripoti za shule, mara nyingi watu wawili watatu wa fani tofauti wakae wakubaliane. Alafu rufaa zimeongezeka mno, kwa sababu zamani walikuwa wanaonekana zaidi watoto wa kiume wanaoruka ruka, sasa hivi na wasichana wakimya wanaonekana, na hilo ni jambo jema. Covid nayo ikafunga kliniki 2020 watoto wakarundikana. Hela zikaongezwa lakini hazijafika mbio za mahitaji. Basi, tuishie hapo kwenye sababu, maana hatuwezi kuzirekebisha tukiwa humu ukumbini.

Tuje kwenye yale ambayo yako mikononi mwetu, na la kwanza ni barua. Wengi wetu tumepanga vyumba kwenye nyumba za watu wengi, mlango mmoja wa mbele, barua zinadondoka chini zinakanyagwa pamoja na vipeperushi vya pizza, mwenye shifti ya usiku anaziokota anaziweka juu ya rejeta, na katikati ya zile karatasi kuna bahasha nyeupe imeandikwa "mzazi au mlezi wa fulani". Ndani yake wanasema tupigie ndani ya siku 14 uthibitishe kama bado unahitaji apointimenti, tusipokusikia tutajua huhitaji tena na tutamrudisha mtoto kwa GP, daktari wa familia. Hiyo barua nimeisoma kwa sauti kwa mzazi aliyeletewa na mwenye nyumba ikiwa na wiki tano, mzazi alikuwa amesubiri zaidi ya mwaka na nusu. Alilia pale pale. Rufaa ilibidi iandikwe upya.

Kwa hiyo ndugu zangu, ukihama nyumba, mwambie GP, na uwapigie na kliniki wenyewe, usidhani ukimwambia mmoja mwingine kajua, si kila mahali kompyuta zao zinaongea. Ukibadilisha namba ya simu hivyo hivyo. Mkienda Bongo au Mombasa likizo ya kiangazi wiki sita, wapigie kabla uwaambie tarehe za kuondoka na kurudi, mwachie mtu unayemwamini ruhusa ya kufungua barua zako. Ukihamia mji mwingine kabisa unaweza kuambiwa uanze mwanzo, hapo usikubali haraka, omba kwa maandishi tarehe ya rufaa yako ya mwanzo iheshimiwe, wengine wanakubali. Na kila baada ya muda piga simu uulize vitu vitatu tu, rufaa ya mwanangu imepokelewa tarehe ngapi, imekubaliwa au imerudishwa, na yuko kwenye foleni ya nini hasa. Hilo swali la kati ni muhimu mno, kuna watu wanaamini wako kwenye foleni kumbe rufaa ilirudishwa zamani kwa sababu karatasi ya mwalimu haikujazwa na hakuna aliyewaambia. Waambie pia kwamba mtu akiahirisha ghafla wewe uko tayari kwenda hata kesho. Na kama Kiingereza kinakusumbua, mkalimani wa NHS ni bure, ni haki yako kumwomba tangu siku ya rufaa, mtoto wako mkubwa asiwe ndo anakutafsiria habari za mdogo wake, hiyo si kazi ya mtoto.

Sasa hapa niseme jambo ambalo ni la kwetu sisi hasa. Yale maswali yanayoulizwa kwenye uchunguzi yaliandikwa na watu wa malezi mengine. Daktari anauliza, mtoto anakuangalia machoni ukimwongelesha? Mama anajibu kwa fahari kabisa, hapana, nimemfundisha adabu, haangalii mkubwa usoni. Daktari anaandika. Au anauliza, ana marafiki, anacheza na wenzake? Mama anasema ndio, wengi tu, nyumba nzima imejaa watoto wa mjomba na wa mamdogo wanakimbizana kutwa. Daktari anaandika kwamba anacheza vizuri na wenzake, wakati ukikaa ukiangalia wale watoto wengine ndo wanamkimbiza, yeye yuko pembeni anazungusha tairi la gari moja lile lile mpaka magharibi. Mwingine anaulizwa mtoto ana mambo gani ya kujirudia, anasema hana, ni msafi sana tu, anapenda kupanga vitu vyake kwenye mstari na ukikigusa kimoja analia mpaka atapike. Mzazi hajadanganya hata kidogo! Amejibu anavyojua yeye maana ya mtoto mwenye adabu na mtoto msafi. Mimi naruhusiwa kusimamisha mazungumzo nikasema samahani daktari hapa kuna jambo la mila naomba mliulizane vizuri, na madaktari wengi wanashukuru, ila si kila siku atakuwepo mtu wa kusimamisha.

Kwa hiyo ushauri wangu usijibu ndio au hapana. Eleza tukio. Nunua daftari la bei ndogo, na muda huu wa kusubiri ndo wa kulijaza, andika tarehe, nini kilitokea kabla, mtoto akafanya nini, ilichukua muda gani kutulia, nani alikuwepo. Andika kwa Kiswahili kama ndo kinachokuja, kitatafsiriwa. Kwa mfano usiandike "hapendi choo cha shule". Andika, tarehe fulani amerudi nyumbani suruali imelowa, mwalimu kasema hajaenda choo siku nzima, tukagundua ni ile mashine ya kukaushia mikono inayovuma, akiisikia anaziba masikio anajificha chini ya sinki. Hilo daktari anaelewa mara moja, na mwalimu naye anaelewa, na la mashine linarekebishika kesho asubuhi kwa kumruhusu mtoto atumie choo kingine kisicho na mashine, hakuna anayehitaji barua ya CAMHS kwa hilo. Chukua na video fupi kwenye simu, mtoto akiwa kwenye hali yake, ziwe za kuonyesha daktari tu, tafadhali tusiziweke status.

Na hapo ndo tunaingia shuleni. Kila shule ya kawaida ya serikali England lazima iwe na mwalimu anayeitwa SENCO, huyo kazi yake ni watoto wenye mahitaji maalumu. Usiishie kwa mwalimu wa darasa getini saa tisa na robo mvua inanyesha, mwandikie SENCO, hata meseji ya barua pepe ya mistari mitano, uombe kikao. Mwambie shida unazoziona, umuulize na yeye anaona nini, alafu muombe mkubaliane mtoto atafanyiwa nini, nani atafanya, na mtakaa tena lini kuangalia kama imesaidia. Shule inatakiwa ifanye hivyo hata kama mtoto hana jina lolote la tatizo. Mtoto anaweza kukaa mbele, anaweza kupewa ratiba ya picha, kupewa dakika chache atoke nje kichwa kitulie, kuvaa vifaa vya kuzuia kelele, haya yote ni mambo ya shule. Na ile Sheria ya Usawa ya 2010 inaangalia ulemavu kwa jinsi unavyomwathiri mtu kwenye maisha yake ya kila siku, haijasema mpaka awe na cheti. Shule ikikwambia "tunasubiri CAMHS waseme", jibu lako kwa heshima kabisa ni kwamba CAMHS watasema wakifika, leo mwanangu anashindwa kukaa darasani, leo tunafanya nini.

Msaada wa kawaida wa shule usipotosha kuna hii EHCP, ni mpango wa kisheria wa msaada wa mtoto, kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ndo inaandika na ikishaandika inabanwa kuutekeleza. Wengi hapa mnaijua kwa kuisikia. Mzazi unaweza kuiomba mwenyewe kwa barua kwa kaunsili, huhitaji shule ikuruhusu, na huhitaji diagnosisi, yaani jina la tatizo kutoka kwa daktari. Sheria ya Watoto na Familia ya 2014 inauliza tu kama mtoto ana mahitaji maalumu ya kujifunza au huenda anayo, na kama huenda akahitaji mpango huo. Huenda! Shikeni hilo neno maana mtaambiwa mengine. Kaunsili ina wiki 6 kukujibu kama itamchunguza au la, na mpaka mpango ukamilike ni wiki 20. Ukweli ni kwamba karibu nusu tu ndo inayotoka ndani ya wiki 20, kwa hiyo na huko kuna foleni, ila hii foleni ina tarehe ya kisheria unayoweza kuidai. Wakikataa unakata rufaa kwenye baraza la kisheria, na zile kesi zinazofika mwisho na kuamuliwa, zaidi ya 95 kwa kila 100 mzazi anashinda kwa namna moja au nyingine. Jiulize kwa nini wazazi wa Kiingereza wanaandika barua na sisi tunashukuru na kuondoka. Kila kaunsili lazima iwe na huduma ya ushauri wa bure kwa wazazi, inaitwa SENDIASS, waandikie, watakusaidia mpaka kuiandika hiyo barua. Najua kuna maneno ya serikali kubadilisha huu mfumo. Mpaka sheria mpya ipite, ya 2014 ndo inayofanya kazi, usikubali kuambiwa imeshaondolewa.

Kuhusu hela, DLA, ile posho ya ulemavu ya serikali, kwa mtoto chini ya miaka 16 nayo haidai diagnosisi, inaangalia kama mtoto anahitaji uangalizi mwingi kuliko mtoto wa umri wake, kwa miezi 3 iliyopita na miezi 6 ijayo. Daftari lako linafanya kazi hapo pia. Lakini hapa naomba mnisikilize vizuri sana, kama visa yako imeandikwa huna haki ya fedha za umma, DLA ni fedha za umma, USIJAZE fomu hiyo kabla hujaongea na mshauri wa uhamiaji mwenye leseni. Shule, msaada wa SENCO, EHCP, GP, CAMHS, hivyo si fedha za umma kwa maana hiyo ya visa, hivyo dai bila hofu. Nimeona watu wamenyamaza kabisa hata shuleni kwa kuogopa Home Office, wale wizara ya uhamiaji, mtoto ndo anaumia.

Kuna na njia inaitwa Right to Choose, haki ya kuchagua, ni ya England tu. GP akikubali kuandika rufaa ya usonji au ADHD, unaweza kumuomba aipeleke kwa mtoa huduma mwingine mwenye mkataba na NHS, hulipi kitu. Wengine wana foleni fupi kidogo kuliko ya mtaani kwenu, wengine siku hizi nao wamejaa na wanawekewa kikomo cha watu, na wengine wanachukua wakubwa tu. Kabla hujachagua uliza wanapokea umri gani, wanasubirisha muda gani kwa sasa, na kama ni ADHD dawa ataandika nani baadaye, maana kuna GP wanaokataa kuendelea na dawa iliyoanzishwa na hao. Na kwenda kulipia mwenyewe ni zaidi ya paundi 1,000, mara nyingi zaidi sana. Mimi simkatazi mwenye uwezo, ila nimeona watu wanacheza upatu na kukopa kazini kwa ajili ya hiyo karatasi, alafu shule inasema msaada ni ule ule. Kabla ya kukopa, SENCO kwanza.

Sasa nibadilishe kidogo, maana nimeongea sana usonji na ADHD na kuna watoto wengine humu ndani ya nyumba zetu. Utafiti wa NHS wa 2023 ulikuta mtoto 1 kati ya 5 wa miaka 8 mpaka 16 ana dalili za tatizo la afya ya akili. Sisi tunasema hawa watoto wana kila kitu, wanakula, wana simu, wanahuzunika nini. Msichana wa miaka kumi na nne amekaa chumbani, hali na wenzake, anavaa mikono mirefu hata siku ya joto. Huyo usimwambie una dharau. Kaa naye, muulize, na usiogope kumuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujidhuru, kumuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa mlango. Na kama kuna hatari, hapo hakuna foleni, nataka hili liwe wazi kabisa. Unapiga 111 unabonyeza 2, ni huduma ya dharura ya afya ya akili, usiku na mchana, watoto na wakubwa. Hatari ya sasa hivi ni 999 au A&E, chumba cha dharura cha hospitali. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga Childline 0800 1111, bure, na hawamuulizi visa ya mama yake. Na hali ikibadilika wakati mnasubiri CAMHS rudi kwa GP umwambie imebadilika, rufaa inaweza kupandishwa, lakini haipandi kama hakuna aliyesema. Shuleni pia muulize kama wana timu ya afya ya akili, zimekuwa zikiongezwa shule hadi shule na hizo mara nyingi zinamfikia mtoto mapema.

Mzee mmoja aliniambia nje kabla hatujaanza, mwanangu unaongea ya madaktari, na sisi tuna yetu. Kweli, tunayo. Tunasema ni jini, ni jicho, kuna mtu hakupenda ndoa ile. Dua na maombi endeleeni, kisomo hakigombani na SENCO, na nimeona mama akipata nguvu ya kuamka asubuhi kwa sababu ya sala tu. Ila mtoto asipigwe, asifungwe, asinyweshwe vitu kumtoa kitu ndani yake. Wengi mnaogopa CAMHS mkidhani ukienda tu sosho, watu wa ustawi wa jamii, wanakuja kumchukua mtoto. Kuomba msaada hakuleti hilo. Mtoto kuumizwa ndo kunakoleta.

Na lile la kumpeleka mtoto nyumbani akanyooshwe na bibi, naomba tulitazame bila kugombana. Ninaelewa, mama amechoka, shule inampigia simu kila siku aje amchukue, na bibi ana mapenzi na nyumba ina uwanja. Lakini mtoto ambaye mabadiliko ya njia ya kwenda shule tu yanamliza, umempandisha ndege kwenye lugha, chakula, joto na walimu wengine kwa siku moja, na huku jina lake linatoka kwenye foleni. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wapo wataalamu wazuri ila ni wachache kwa nchi kubwa ile. Hakurudi amenyooka hata mmoja kati ya niliowatafsiria waliporudi, walirudi wamenyamaza, na foleni ikaanza sifuri.

Na muda huu mrefu ndo wauzaji wanapoingia. Unaletewa kwenye WhatsApp dawa ya kusafisha usonji, matone, poda. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Na chanjo ya MMR, ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela, haikumletea mwanao usonji, ile karatasi ya daktari Wakefield ya 1998 iliyoleta maneno hayo ilikuwa ya watoto 12, jarida la Lancet lenyewe likaifuta 2010 na yeye akafutwa udaktari mwaka huo huo. Mdogo wake apelekwe chanjo. Surua inaua.

Nijibu na maswali niliyopewa kwenye vikaratasi. Dada kauliza, mwalimu kanambia niache kumwongelesha mtoto Kiswahili, ndo kinamchelewesha, ni kweli? Si kweli dada. Lugha mbili hazileti usonji wala hazimchelewishi mtoto kuongea. Kama mtoto ana shida ya lugha itaonekana kwenye zote mbili. Mwongeleshe lugha unayoweza kumbembelezea, kumwimbia, kumkanya na kumtania, hiyo ndo anajifunza. Ila muombe huyo mwalimu rufaa ya mtaalamu wa lugha na matamshi, hilo analiweza.

Kaka kauliza, mtoto ana miaka miwili haongei, shemeji zangu wanasema watoto wa kiume huchelewa, nisubiri? Usisubiri. Kuna kipimo cha helti vizita, yule nesi wa kufuatilia watoto wadogo, cha miaka miwili mpaka miwili na nusu, kama hujaitwa wapigie, na omba apimwe masikio, ni hatua ya kwanza kabisa na watu wanaisahau. Akija kuongea mwenyewe mwezi ujao utafuta rufaa kwa furaha, hakuna atakayekulaumu.

La mwisho, baba mmoja kauliza, tunasubiri miaka yote hiyo, itakuwaje mwisho wakisema hana usonji? Swali zuri sana. Waulize basi nini kinaeleza haya tunayoyaona, na waandike kwenye ripoti, na kama hukuridhika una haki ya kuomba maoni ya mtaalamu mwingine. Na msaada wa shule haupaswi kukatwa kwa sababu ya jibu hilo, maana haukutolewa kwa sababu ya jina. Kama anahitaji ratiba ya picha, bado anaihitaji.

Jumamosi ijayo saa nane mchana tupo chumba cha juu hapa hapa na dada wawili wanaojua hizi fomu, tutaandika barua za EHCP na kupiga simu za foleni pamoja kwa wanaoogopa kupiga peke yao. Njoo na barua zote ulizowahi kupokea hata zilizochanika, namba ya NHS ya mtoto, ripoti za shule, jina la SENCO, na lile daftari hata kama lina ukurasa mmoja. Watoto waje pia, kuna chumba cha pembeni tumezima zile taa za neoni, na hakuna muziki.